Penye udhia penyeza rupia: je, uchumi nao hukua hivyo?

Methali hiyo ina watetezi hata vyuoni. Mwaka 1964 mchumi Nathaniel Leff alidai kuwa urasimu mbaya ukiziba njia, hongo humpitisha mwekezaji na uchumi ukasonga mbele. Mwanasayansi wa siasa Samuel Huntington akaja na hoja kama hiyo mwaka 1968.

Siwezi kuwapuuza. Indonesia ya Rais Suharto ilinuka ufisadi, ila uchumi wake ulikua kwa takriban asilimia 7 kwa mwaka kwa muda mrefu, na mamilioni waliondokana na umaskini. Zaire ya Mobutu nayo ilinuka vivyo hivyo, ikafilisika. Nadhani tofauti ni kwamba Indonesia ufisadi ulikuwa na mwenyewe: uliyemlipa alijulikana, na ulicholipia ulikipata. Zaire kila mwenye muhuri au bunduki alijitoza chake. Tena Suharto alipeleka sehemu ya fedha za mafuta kwenye kilimo na shule, jambo ambalo watetezi wa hongo hulisahau.

Kasoro kubwa ya hoja ya Leff ni kuichukulia foleni ya vibali ofisini kana kwamba imeshushwa kutoka mbinguni. Foleni ina mtu aliyeipanga. Karani akishaonja hongo, kibali cha siku mbili atakifanya cha miezi miwili, maana ucheleweshaji ndio bidhaa anayouza. Mwaka 1999 wachumi Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei walichunguza kampuni katika nchi nyingi, wakakuta zinazohonga zaidi ndizo zinazopoteza muda mwingi zaidi na maofisa. Kabla yao, mwaka 1995, mchumi Paolo Mauro alikuwa ameonyesha kuwa ufisadi unapozidi, uwekezaji hupungua.

Na huo ukuaji wenyewe tunaupimaje? Mwaka 1998, msukosuko wa fedha wa Asia ulipozikuta benki za Indonesia zimejaa mikopo ya jamaa na marafiki wa wakubwa, pato la taifa lilishuka kwa takriban asilimia 13.

Korea Kusini huniuma zaidi, kwa sababu hutajwa sana kama ushahidi kwamba nchi inaweza kuhonga huku ikitajirika. Duka kubwa la Sampoong jijini Seoul lilijengwa kwa mabadiliko hatari ya ramani, na maofisa waliohongwa wakayaidhinisha. Lilipojengwa, liliongeza pato la taifa. Tarehe 29 Juni 1995 liliporomoka na kuua watu 502.