Wapiga Kelele, Punguzeni Sauti

Wasanii huru wa muziki mzito wana ugonjwa mmoja: masta, yaani toleo la mwisho la wimbo, iliyobanwa mpaka haina pa kupumulia. Hoja yao inaeleweka. Muziki wenyewe ni wa fujo, iwe singeli inayopita mapigo 200 kwa dakika, muziki wa metali wa kasi au kelele tupu (muziki unaotengenezwa kwa kelele zenyewe), sasa upole kwenye limita, kifaa kinachokata vilele vya sauti, wa nini? Huko ndiko kazi nyingi nzuri zinakoharibikia, tena katika nusu saa ya mwisho kabla faili halijapandishwa.

Chukua kelele tupu. Kelele nyeupe, zenye sauti za masafa yote kwa nguvu sawa, ambazo hazijaguswa zina vilele vinavyopanda kiasi cha desibeli 12 juu ya wastani wake, na vilele hivyo havina mpangilio, vinamwagika muda wote. Kwenye bongo fleva limita hukamata pigo la kiki (ngoma nzito ya chini), ikaachia, ikasubiri jingine. Kwenye kelele, ukisukuma desibeli 6 tu, inakata mfululizo bila kituo. Zile chembechembe zinazofanya sikio lishtuke zinasagika, unabaki na sauti bapa inayochosha badala ya kutisha. Ukitaka dakika ya saba iangushe watu, shusha dakika ya sita. Hakuna kifaa kinachoweza kufanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Na ukubwa wa sauti unaougharamia hivyo huupati. Spotify kwa kawaida huuleta wimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Masta yako ya -6 itashushwa desibeli 8 na kukaa sawa na wimbo wa mtu aliyeacha vilele vyake vizima. Kwa maoni yangu, singeli na metali zikae kati ya -10 na -9, kelele ndefu ziishie -12. Watakaolalamika wana kitufe cha sauti.

Bandcamp, mtandao ambao wasanii huuzia muziki wao, haishushi kitu, lakini kuna mtego mwingine. Anayesikiliza bure pale anapata MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, na kelele ndicho chakula kigumu kuliko vyote kwa MP3. Mfumo ule unabana kwa kukadiria na kutupa kile ambacho sikio halitakisikia, kisha kufupisha kinachobaki. Kelele hazina mpangilio wa kufupisha, na nguvu yake imetapakaa kwenye masafa yote. Matokeo yake ni ule mlio wa majimaji yanayozunguka kwenye sauti za juu, na kukatwa kwa karibu kila kitu kinachopita kilohezi 16 au 17. Ukiongeza kwamba kushoto na kulia hazifanani kabisa, biti zinaisha haraka zaidi. Tiba ni ndogo: chuja mwenyewe juu ya kilohezi 16 kwa mteremko laini, na punguza upana wa stirio kwenye sauti za juu. Pia acha kilele cha kweli (kile cha wimbi lenyewe, hata kati ya sampuli) kwenye desibeli -1.5 au -2, kwa sababu mawimbi yakishageuzwa kuwa MP3 hupanda kuliko yalivyokuwa. Kisha geuza wimbo wako kuwa MP3 ya 128 nyumbani, uusikilize hivyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Singeli ina shida yake ya pekee. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, uliifikisha singeli ya Dar es Salaam kwa wapenzi wa elektroniki ya majaribio nje ya nchi, na tangu hapo wengi wanaiga kasi hiyo wakitumia kompresa (vifaa vinavyoshusha sauti zikizidi kiwango) zilizopangwa kwa muziki wa mapigo 120. Hesabu ni rahisi. Kwenye mapigo 240, pigo moja ni milisekunde 250, na robo yake ni 62.5. Kompresa inayochukua milisekunde 150 kuachia haijaachia kabla ngoma ya robo inayofuata haijafika, hivyo wimbo mzima unabaki umekandamizwa. Weka 30 hadi 50. Usishuke chini ya 20, maana wimbi moja la besi ya hezi 50 lina urefu wa milisekunde 20, na kompresa itaanza kulifuata wimbi lenyewe na kulikwaruza. Bado inakwaruza? Izuie besi ya chini ya hezi 100 isiiamrishe kompresa.

Kwa wanaopiga mayowe juu ya mashine, njia ambayo kundi la Duma la Nairobi liliifanya ijulikane na albamu yake ya 2020, mpishe mwimbaji: toa desibeli 3 kwenye kelele kati ya kilohezi 2 na 4. Kuipandisha sauti yake kunaleta ugomvi tu.

Kaseti inataka masta yake, siyo ile ya mtandaoni. Utepe wa kawaida wa aina ya kwanza hulemewa na sauti za juu kwanza, hivyo kelele kali zirekodiwe zikifika 0 kwenye mita, au -3, hata kama deki inakubali +3 kwa muziki mwingine. Kaseti ya C60 inabeba dakika 30 kila upande. Epuka C90 kama unaweza, utepe wake ni mwembamba zaidi. Upande A usiwe mfupi kuliko B, na subiri kipande cha mwanzo kisicho na sumaku kipite ndipo uanze.

Safisha hedi, sehemu ya deki inayogusa utepe, kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya dawa yenye mafuta inaacha utando. Kaseti ya kwanza ichezwe kwenye redio nyingine, siyo deki iliyorekodi: ukisikia sauti za juu zimefifia, hedi mojawapo imekaa upande. Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa kaseti, izimwe, na kwenye karatasi ya jalada uandike kwamba imezimwa.