Kamera yangu ina megapikseli 8 na mwizi wangu hana sura

Mwizi wa baiskeli yangu nimeshamtazama mara 17. Najua anavyotembea, mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Najua alisimama pale kwenye bomba akajinyoosha mgongo taratibu, kama mtu aliyechoka na kazi. Kitu nisichokijua ni uso wake tu. Kutoka juu kwenye pembe ya paa, kamera yangu ya 4K, ndiyo hiyo ya megapikseli 8, imenipa picha safi kabisa ya kofia.

Askari niliyempelekea ile video aliitazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa hapa wewe umemtambua nani?" Nikamwonyesha baiskeli. Baiskeli ilitambulika vizuri sana.

Ila kilichonikalisha chini kuandika si mwizi. Ni rafiki yangu mmoja, niliyemsimulia mkasa wote tangu mwanzo, akatikisa kichwa kwa huruma, halafu akauliza: "Kwani ilikuwa megapikseli ngapi?"

Jamani.

Hebu tupige hesabu, maana wauzaji hawatupigii. Pikseli ni vile vinukta vinavyounda picha, na megapikseli moja ni milioni yake. Picha ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana. Lenzi niliyouziwa ni ile ya milimita 2.8, inayosifiwa kwamba inaona uwanja mzima, pembe ya nyuzi kama 100. Na kweli inaona uwanja mzima, hapo sijadanganywa. Lakini baiskeli ilikuwa mita 10 kutoka kwenye kamera, na kwa umbali huo lenzi hiyo inabeba upana wa karibu mita 24. Gawanya 3,840 kwa 24, unapata pikseli 160 kwa kila mita. Uso wa mtu mzima una upana wa sentimita 16 hivi. Kwa hiyo macho, pua, mdomo, na kovu kama analo, vyote vimegawana pikseli 25 au 26 kutoka sikio hadi sikio. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilitaka pikseli 250 kwa mita ndipo uweze kumtambua mtu usiyemjua. Mimi nilikuwa na 160, na hiyo ni hesabu ya mchana, tena kama mtu angekuwa muungwana akainua uso.

Sasa chukua ile kamera ya megapikseli 2 ambayo muuzaji anaionea hata aibu kuitoa kwenye boksi. Iwe na lenzi ya milimita 6, inayoona nyuzi 50 hivi. Ielekeze getini, mita 4 tu. Upana inaouona haufiki mita 4. Pikseli 1,920 kwa mita 4 ni 480 kwa mita. Mara tatu ya "4K" yangu! Pikseli ni kama rangi ya debe moja: ukipaka mlango unang'aa, ukitaka kupaka nyumba nzima utabaki na ukuta wa madoa. Hakuna aliyeniambia hivyo dukani. Niliulizwa nataka nyeupe au nyeusi.

Halafu ule urefu. Fundi alipanda ngazi mpaka ncha, akaifunga mita 5 juu, akashuka amejaa fahari: "Hapa hakuna atakayeifikia." Kweli, hata uso wa mtu hauifikii. Ukitazama watu kutoka juu kiasi hicho unaona mabega na utosi. Mita 2 na nusu hivi, ikitazama njia ambayo mtu lazima apite, inatosha. Eti wataing'oa? Atakayekuja kuing'oa atalazimika kuitazama kwanza.

Usiku ndiyo balaa yenyewe. Zile taa ndogo za infraredi, mwanga ambao jicho halioni ila kamera inauona, zinazoizunguka lenzi zilikuwa zinapiga ukingo wa paa, ukuta unarudisha mwanga, kamera inadhani kumekucha na kuuacha uwanja wote gizani. Na buibui anapapenda pale, kwa sababu wadudu wanapapenda. Uzi mmoja wa utando, ukiwa sentimita 3 mbele ya lenzi, unaonekana mnene kama kamba ya meli, na kila upepo ukiutikisa simu inalia. Usiku ule wa wizi nilishapokea arifa 43 za buibui. Nikazima sauti nikalala. Ya 44 ilikuwa yeye.

Isitoshe, gizani kamera hulazimika kuacha kila picha ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, na mtu anayetembea anageuka moshi. Dawa yake haiko kwenye kamera ya bei kubwa zaidi. Ni taa ya kawaida yenye sensa, iwake mtu akikaribia. Basi. Taa, ndugu zangu.

Haya, nakubali, tena kwa shingo upande: lenzi pana ina kazi yake. Bila ile yangu nisingejua kwamba alipitia nyuma, na lile pengo la uzio sasa nimeliziba. Na kama umbali na lenzi ni vilevile, megapikseli 8 zinashinda 2, sibishi. Ninachokataa ni kuuziwa namba moja kana kwamba ndiyo kamera yote.

Mengine sina pumzi nayo. IP66 au IP67, zile alama za kuzuia vumbi na maji: zote mbili zinahimili mvua, labda uwe na mpango wa kuizamisha kamera majini. Kamera za betri zinamfaa asiyeweza kuvuta waya, lakini nyingi hulala mpaka sensa ihisi joto linalopita, na mtu anayeijia moja kwa moja huiamsha kwa kuchelewa, utarekodi mgongo. Ukiweza, vuta waya. Neno la siri la kiwandani badilisha siku hiyohiyo. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na vifaa vingi kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyoachwa kama yalivyotoka kiwandani. Na dirisha la jirani si sehemu ya uwanja wako, geuza kamera.

Juzi niliishusha yangu. Nimeifunga kando ya geti, nikanunua na ile ndogo ya lenzi ya milimita 6, na taa juu yake. Usiku wa kwanza nikatoka nje nikavaa kofia, nikapita nikiuburuta mguu wa kushoto. Kipele cha kidevuni kimeonekana, na mvi ambazo mke wangu huwa ananificha. Asubuhi nikakuta mjusi amelala juu ya lenzi.