Ziara pepe za volkano: je, mtoto wa Goma anazihitaji?

Kwa simu moja yenye intaneti, mwalimu wa jiografia anaweza kuwazungusha wanafunzi wake juu ya kreta ya Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, akawapeleka Hawaii, kisha Iceland, wote wakiwa wamekaa kwenye madawati yao. Ziara pepe za namna hii zimeenea sana katika kufundisha sayansi ya ardhi, na kuna walimu wanaoziona kama mkombozi. Wengine wanauliza: mji uliojengwa juu ya lava unahitaji skrini ya nini?

Swali hilo lina uzito, lakini tuanze na upande wa pili. Nyiragongo una urefu wa mita 3,470 na hali ya hewa ikiwa safi unauona ukiwa mjini. Hata hivyo, ni wanafunzi wachache sana waliowahi kusimama ukingoni mwa kreta yake. Kupanda kutoka Kibati ni safari ngumu ya saa nyingi, gharama zake zilipangiwa watalii, na vita ndani ya Hifadhi ya Virunga vimefanya njia hiyo isiwe ya kupeleka watoto. Mwalimu anayewanyima skrini kwa kuwa mlima upo hapo karibu anawanyima mlima wenyewe.

Kuna pia mambo ambayo hakuna mguu utakaoyafikia. Ziwa Kivu, lililo kando ya Goma, lina kina cha karibu mita 480, na maji yake ya chini yamebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Gesi hiyo inakaa humo kwa sababu uzito wa maji ya juu unaikandamiza, na kwa sababu matabaka ya maji hayachanganyiki. Mchoro unaosogea, unaomshusha mwanafunzi tabaka kwa tabaka, unalieleza hilo vizuri kuliko ubao na chaki. Na ni jambo la kulielewa: mwaka 1986 gesi iliyolipuka kutoka Ziwa Nyos, Kamerun, iliua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja, na ziwa hilo ni dogo sana likilinganishwa na Kivu.

Hapo nawaunga mkono wapenzi wa ziara pepe bila kusita. Ninapoachana nao ni pale skrini inapochukua nafasi ya kitu kilichopo mlangoni.

Chukua jiwe jeusi, lile tunaloita koro, kutoka ukuta wowote wa Goma. Livunje kwa nyundo. Ndani utaona vitundu vingi, vingine vidogo kama kichwa cha sindano, vingine vimevutika upande mmoja. Ni gesi iliyokuwa ikitoka wakati lava inapoa, na kule kuvutika kunaonyesha kwamba ilikuwa bado inatembea. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, ile kemikali inayoifanya lava iwe nzito, ndiyo maana ni majimaji na hukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege na kuingia ziwani. Mtoto aliyelishika jiwe hilo, akahisi makali yake na uzito wake, anaelewa neno "silika" kwa namna ambayo picha haimpi.

Mazuku, yaani kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, nayo ni hivyo. Kamera ikielekezwa kwenye bonde lenye gesi hiyo, upande wa Sake, haioni kitu ila majani. Lakini mwaga siki juu ya baikaboneti ndani ya ndoo, subiri kidogo, kisha shusha mshumaa unaowaka: moto unazimika kabla haujafika chini. Darasa zima limeona kwamba kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, na kwa nini mbuzi anayeshuka bondeni hufa mwenye mbuzi akiwa bado amesimama mzima.

Kuna na tatizo ambalo watetezi wa ziara pepe hulipita haraka: zinazeeka, na wenyewe si sisi. Video nyingi za Nyiragongo zilipigwa kabla ya tarehe 22 Mei 2021, zikionyesha ziwa la lava lililokuwa likichemka kreteni. Siku hiyo mlima ulipasuka ubavuni na ziwa lile likamwagika. Mwanafunzi anayeonyeshwa video hiyo bila tarehe anafundishwa mlima wa zamani. Kibaya zaidi, programu ya Google Expeditions, iliyotumiwa na shule nyingi duniani kwa ziara hizi, ilifungwa katikati ya mwaka huohuo 2021. Mwalimu aliyekuwa amejenga masomo yake juu yake alibaki mikono mitupu. Sizungumzii hata bei ya megabaiti wala umeme unaokatika.

Kwa hiyo ziara pepe ninazozitaka ni zile zitakazotengenezwa hapa, na wanafunzi wa chuo kikuu pamoja na wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, zikawekwa kwenye kadi ya kumbukumbu ili zifunguke bila intaneti, zikiwa na tarehe na sauti ya Kiswahili. Na ningeanza na Buhene, mahali lava ya 2021 ilipofika karibu na uwanja wa ndege. Kwenye ardhi iliyofunikwa na lava, watu wetu huvunja makoro kwa nyundo kupata kokoto na mawe ya kujengea, na nyumba mpya husimama juu yake. Wana haki, wanahitaji makao. Ila ukingo wa lava ambao darasa lingeweza kuupima leo kwa kamba na rula unaweza kuwa msingi wa nyumba ya mtu kesho. Darasa lipelekwe kwa miguu maadamu upo, na mmoja wao abebe kamera.