Pua ya Buchón Iachwe Ilivyo

Ikitajwa filamu ya Battle of Britain ya mwaka 1969, inayohusu vita vya angani vya Uingereza na Ujerumani vya 1940, wapenzi wa ndege hukimbilia kasoro ileile: zile ndege za kivita za Messerschmitt si za Kijerumani. Kweli, ni Hispano HA-1112, yaani Buchón, toleo la Messerschmitt Bf 109G lililoundwa Hispania na kufungwa injini ya Rolls-Royce Merlin. Hata hivyo, mafundi wa filamu ile nawapongeza. Waligusa pembeni, injini wakaiacha.

Bf 109E ya mwaka 1940 ilikuwa na ncha butu za mabawa. Za Buchón ni za mviringo, zikakatwa. Ile ya zamani ilikuwa na fimbo za kuegemeza mkia, moja kila upande. Wakafunga za bandia. Wakaongeza mitutu isiyofyatua, wakapaka rangi. Ikipita kwa kasi huku kamera ikiwa nyuma, jicho linakubali.

Pua ndiyo inayoumbua. Injini ya Daimler-Benz, ile ya 109 ya Kijerumani, hukaa kichwa chini, silinda zikielekea ardhini, hivyo ekzosti zake hutokea chini, karibu na bawa. Merlin husimama wima: ekzosti ziko juu, kidevu kimefura, na propela ina panga nne badala ya tatu. Kuficha hayo kunadai injini nyingine, vishikizo vipya, propela nyingine na hesabu mpya ya kitovu cha uzito. Kwa ajili ya picha tu, ni kuihatarisha ndege na rubani bure.

Hata hayo madogo yana mitego. Bawa dogo la mkia la 109 huinama juu na chini rubani anaporekebisha mizani ya ndege, kwa hiyo fimbo ya bandia ikikazwa ncha zote mbili italizuia. Rangi nayo hudharauliwa mno. Ndege moja hubadilishiwa namba ili ionekane kikosi kizima, na kila tabaka jipya la rangi kwenye usukani, yaani kibao kinachocheza nyuma ya bawa au mkia, huongeza uzito nyuma ya bawaba zake. Ukizidi, usukani hutetemeka angani hadi kung'oka. Kwangua rangi ya zamani kwanza, kisha upime mizani ya usukani upya. Kabla ya kuruka, hakikisha pia karatasi ya gundi ya kukingia rangi haijaziba vitundu vya kupimia hewa, maana mwendo na kimo vitasomeka uongo.

Yanayobaki ni kazi ya mwongozaji: apige picha kutoka nyuma kwa mshazari, na ndege ikiegeshwa asiikawize kamera kwenye propela iliyosimama.