Tulitoroka Kamati, Hatukuwatoroka Wazee

Kiswahili hakijatupa neno zuri la jambo tulilolifanya. Ukisema tulitoroka, mtu anamwona binti akiruka dirisha usiku na furushi kwapani. Ukisema ndoa ya mkeka, watu wa Pwani wanacheka, maana hiyo ni ya waliofumaniwa: mlango unagongwa, shehe anaitwa, mnaozeshwa hapohapo kabla hamjavaa viatu. Ndoa ya bomani inakaribia, ila nayo ina harufu ya watu waliokwama mahali: dini mbili zimegoma kukutana, au mimba imetangulia. Sisi tulisaini bomani Lushoto, milima ya Usambara, saa tatu asubuhi, saa tano tukawa juu ya jabali la Irente, watu wanane pamoja na dereva. Mimba hakuna, fumanizi hakuna. Ndugu wanauliza mpaka leo tulikuwa tunaficha nini.

Tulikuwa tunaikimbia kamati.

Nina daftari la kava jekundu nililolianza nilipopata ajira ya kwanza. Kila mchango wa harusi umo: jina, tarehe, kiasi, na alama ya vema siku niliyomaliza ahadi. Mwaka wa mwisho kabla sijaolewa zilikuwa harusi 11, ukiacha sendofu na kicheni pati, ambazo nilizipa ukurasa wake kwa hasira. Silalamiki kwamba nilitoa. Mchango ni akiba ya aina yake, unaweka kwa mwenzako leo, kesho anakurudishia, na kijana ambaye mshahara wake haulishi watu 20 anajikuta amelisha 300. Anayeidharau michango hajawahi kufiwa akiwa mgeni mjini. Mtandao wa watu wanaokuchangia harusi ndio huohuo unaokusafirishia maiti.

Kilichonichosha ni kukaa ndani ya kamati yenyewe. Niliwahi kuwa katibu wa harusi ya rafiki yangu, miezi mitatu ya vikao vya Jumapili jioni. Vikao viwili vizima tulibishana rangi ya mapambo. Kimoja kilivunjika kwa sababu ya idadi ya kreti. Mwenyekiti alikuwa mtu wa benki aliyechaguliwa kwa sababu ni wa benki, na kila kikao alisoma majina ya wasiopunguza ahadi kwa sauti ya kutangaza misiba. Katika miezi ile mitatu sikumbuki mtu aliyeuliza kama maharusi wanapendana, au kama bwana harusi ameshapata kazi. Bi harusi mwenyewe alikuwa akitupigia simu kuuliza kama anaruhusiwa kumwalika mwalimu wake wa darasa la saba. Tulimwambia kadi zimekwisha.

Nikaapa.

Sasa, hapa ndipo wengi wanaponielewa vibaya, hasa vijana wanaoniandikia kuomba mbinu za kuoana mlimani kimyakimya bila wazazi kujua. Mimi sina mbinu hizo na sizitaki. Kamati ni kitu kimoja, wazee ni kitu kingine, na kosa letu ni kuviweka kwenye kapu moja. Mwenzangu alileta barua ya posa kupitia kwa mshenga kama mtu mwingine yeyote. Mahari ilijadiliwa, ikapandishwa, ikashushwa. Mkaja wa mama ulitolewa, blanketi la bibi likatolewa, bibi akaligusa na kusema la jirani yake lilikuwa zito zaidi. Yote hayo yalikwisha kabla hatujataja neno mlima.

Nikaenda kwa baba. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye kigoda, nikamweleza kwamba hatutafanya sherehe ya ukumbini. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema sentensi ambayo sijapata jibu lake hadi leo:

“Mwanangu, mimi nimekula pilau za watu miaka thelathini. Wao za kwangu watakula lini?”

Ukitaka kupanga ndoa ya watu wanane, hili ndilo swali lako la kwanza, na halina uhusiano wowote na mlima wala gauni. Si swali la majivuno. Ni deni. Nilimwambia zile pilau nitazilipa mimi, mmoja mmoja, harusi za watoto wao zikifika. Alicheka kwa pua. Lakini akakubali kuja, na kukubali kwake ndiko kulikotupa nguvu ya kuwakatalia wengine wote. Ndugu wakianza, nilisema tu: baba anajua. Maneno mawili, yanafunga mjadala kuliko hotuba.

Sheria, kwa kweli, iko upande wenu kuliko mnavyodhani, na haiko upande wenu pia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya 1971, haimdai mtu mzima ruhusa ya mzazi. Haidai mahari pia: ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutimizwa. Inataka hiari ya wawili na mashahidi wawili. Ila inataka pia taarifa ya nia ya kuoana, angalau siku 21 kabla, nayo itangazwe. Soma tena hapo. Serikali inachukua majina yenu na kuyaanika ili mwenye pingamizi ajitokeze. Huwezi kutoroka kimyakimya katika nchi ambayo mtorokaji anabandikwa ubaoni wiki tatu kabla ya kutoroka.

Sisi tulitoa taarifa Lushoto, kwa sababu upande wa mama yangu ni Wasambaa wa Soni na tulitaka bibi asisafiri mbali. Barua za serikali ya mtaa, picha ndogo, majina ya wazazi, hali zetu za ndoa. Siku ya sita mjomba wangu mmoja alikwenda ofisi za wilaya kwa shauri lake la shamba, akasimama kwenye ubao kumsubiri karani, akasoma. Alinipigia simu akiwa bado amesimama palepale. “Huyu ni wewe?” Ni mimi, mjomba, shikamoo. “Mama yako anajua?” Anajua, mjomba. “Basi sawa,” akasema, kisha akanisomea jina la mwenzangu herufi kwa herufi kuhakikisha halina kosa. Kama mama asingekuwa anajua, simu ile ingekuwa mwisho wa mlima.

Ndoa ya kiserikali hufungwa ofisini, na ukitaka ifungwe kwingine ni kibali kingine na safari nyingine za ofisini. Hatukujisumbua. Kusaini kulichukua muda mfupi kuliko foleni, mbele ya mwenge uliochorwa ukutani na karani aliyekuwa na mafua. Mlimani tulipeleka maneno yetu wenyewe, na dua ya baba.

Nirudi kwenye uchaguzi wa mlima wenyewe, maana marafiki wa mwenzangu (yeye ni wa Moshi) walisema kama ni mlima, basi Kilimanjaro. Wapo wageni waliooana kileleni, na picha zao ni nzuri. Lakini hebu tuseme ukweli. Kilele kiko mita 5,895. Hewa ya oksijeni ni kama nusu ya ile ya Tanga mjini. Unaanza kupanda usiku wa manane ukiwa na taa kichwani, baridi iko chini ya sifuri, na watu wengi wakifika juu wanachotaka ni kupiga picha na kushuka kabla kichwa hakijapasuka. Kiapo cha kutunzana kwa shida na raha kinaweza kuwa na maana huko, sikatai, lakini nani atakuwa shahidi? Mpagazi ambaye amekujua siku tano? Kigezo changu ni kimoja tu: uwe mlima ambao bibi anaufika. Bibi yangu ana miaka 80 na kitu na magoti yamemwacha. Kwa hiyo Kilimanjaro tulikiona kwenye chupa za maji.

Usambara ni mlima wa watu. Unatoka barabara kuu ya Moshi pale Mombo, penye joto la kuchemsha soda, na ndani ya kilomita 30 na kitu za kona kali, barabara ya tangu enzi za Mjerumani, unapanda mpaka Lushoto, mita 1,400 hivi. Ukifika Soni, shati la mikono mifupi limeshakuaibisha. Kona zile zinatapisha. Dada yangu alitapika mara mbili akiwa na vipodozi kamili usoni, kwa hiyo ushauri wangu kwa wapambaji ni kwamba uso upakwe Lushoto, si Korogwe. Gauni liwe la kukanyagia majani. Mimi nilivaa kitenge kilichoshonwa vizuri na sweta juu, na viatu vya kufunga. Mwenzangu alikuja na suti, akaishia kuvaa kikoti cha dereva.

Hali ya hewa isidharauliwe. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za milimani zinateleza na udongo unaporomoka, usipange. Juni hadi Agosti ni kukavu lakini baridi inauma, na ukungu ni mwenyeji. Tulichagua Septemba. Hata hivyo, tulipofika Irente hatukuona kitu. Jabali, majani, halafu weupe mtupu, kama mtu ametundika shuka mbele ya nchi. Mpiga picha alianza kuomba radhi utadhani yeye ndiye aliyeuleta. Tulimkalisha bibi kwenye kiti cha plastiki tulichokifunga juu ya gari, tukafungua chupa za chai, tukasubiri.

Kule ukumbini mshehereshaji angekuwa amechanganyikiwa. Saa sita kasoro kungekuwa na ratiba: kuingia, keki, zawadi za upande wa baba, zawadi za upande wa mama, kamati icheze. Sisi tulikunywa chai. Baba akaanza kumweleza mwenzangu jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza, akimenya ndizi pembeni ya stendi ya Mombo, habari ambayo mimi mwanawe sikuwahi kuisikia. Mama akamkosoa: haikuwa ndizi, yalikuwa machungwa. Wakabishana kuhusu machungwa mpaka ukungu ukaanza kukatika vipandevipande, kwanza bati moja likang'aa chini kabisa, kisha Mazinde yote, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, na barabara ya Moshi kama uzi, na mabasi yake kama kunguni. Bibi alisema, “Haya, semeni basi, kabla haujarudi.” Tukasema.

Picha nzuri tuna nne. Zinatosha.

Niliwaza baadaye kwamba hata waliotoroka kweli enzi hizo walikuwa na adabu yao. Katika makabila yetu mengi, kijana na msichana wakikubaliana na kuondoka usiku, kabla jua halijakolea mjumbe alishafika kwa wazazi: msimtafute, yuko kwetu. Ndipo ikafuata faini, ndipo mahari. (Nasema waliokubaliana. Msichana aliyebebwa akilia ni jinai, wala siipambi kwa jina la mila.) Yaani hata mtorokaji alijua kwamba mama asilale akidhani mwanawe ameliwa na fisi. Vijana mnaotaka kumtumia mama picha ya pete kwa simu, mkiwa mmeshaoana, mmewashindwa hata hao.

Wa imani nyingine mtazame yenu. Mwislamu mwenye walii, mashahidi na mwozeshaji anaweza kufunga ndoa juu ya jabali hilohilo kwa dakika chache. Asiyekuwa na walii asijidanganye kwamba mandhari itamsaidia. Mkatoliki kwake ni kanisani, na nje ya kanisa ni ruhusa kutoka juu. Sisi Walutheri tulibariki ndoa miezi miwili baadaye, ibada ya pili, Jumapili ya kawaida kabisa, tukiwa katikati ya tangazo la kwaya na tangazo la ujenzi wa choo.

Gharama zote, gari, chakula cha mchana, vyumba vya kulala vya watu wanane, hazikufika kodi ya ukumbi ambao mwenyekiti yule wa benki aliuita wa kawaida. Lakini sitaki kuwadanganya kwamba tuliokoa. Daftari jekundu lipo, na sasa linasomeka upande mmoja tu. Watu niliowachangia hawakupata nafasi ya kunirudishia, na nimegundua kwamba hilo huwaumiza watu kuliko kuombwa. Rafiki yangu yule niliyekuwa katibu wake hakunisemesha mwezi mzima. Alikuwa ameshaweka pembeni fedha yangu.

Tulishuka jioni ile. Karibu na Soni mtandao ukarudi, na simu ya mwenzangu ikaanza kutetemeka mfululizo ndani ya koti la suti. Kulikuwa na grupu jipya la WhatsApp, lina saa mbili tangu lifunguliwe: KUWAPOKEA MAHARUSI. Watu 64. Mwenyekiti, mjomba wa ubaoni. Mhazini, shangazi yangu mkubwa, ambaye hatukumwalika mlimani na ambaye hakuwa ameandika neno la lawama hata moja. Alikuwa ameandika ahadi yake tu, 200,000, na chini yake, kwa herufi kubwa: IMELIPWA.

Baba, kiti cha mbele, aliomba asomewe majina.