Glasi za Mwaka 1961

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, upepo wa Dodoma ukiwa umeshamwaga vumbi kila pembe ya nyumba yetu hapa Ilazo, mama Neema alichungulia kutoka jikoni akauliza, "Baba Neema, tuna wageni? Mbona nasikia glasi?"

Wageni hawakuwepo. Glasi zilikuwa ndani ya santuri niliyokuwa naipiga, zilizogongana New York, Jumapili ya Juni 25, 1961, ndani ya Village Vanguard, klabu iliyoko chini ya ardhi ambayo mpaka leo inapiga jazi. Bill Evans alikuwa kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi, Paul Motian kwenye drams. Walipanda jukwaani mara tano siku hiyo, mchana na usiku, na sehemu ya kilichonaswa ikawa albamu ya Waltz for Debby. Siku kumi na moja baadaye LaFaro akafa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 25.

Albamu hii nimeisikiliza kwenye simu miaka na miaka. Sahani ya santuri niliyonayo sasa ni toleo la kampuni ya Craft Recordings, la mfululizo wa Original Jazz Classics. Fundi Kevin Gray aliichukua tepu ya mwaka ule akakata sahani mama, ile ambayo nyingine zote hutolewa kwayo, moja kwa moja kutoka humo, bila kompyuta kukaa katikati. Mpwa wangu aliinunua Marekani kwa karibu dola 40, yaani laki moja na ushee, akapanda nayo treni ya SGR kutoka Dar ameipakata kama kichanga. Pleya ni ya marehemu baba. Sindano tu ndiyo mpya.

Sasa niseme la kuwaudhi wenzangu wa santuri: gramu 180, ule uzito wa sahani nene zinazosifiwa kuwa na sauti bora, hazina maana. Mfereji wa sauti hauongezeki kina kwa sababu sahani ni nene. Uzito unasaidia sahani itulie, na unampa mnunuzi raha ya mkono, basi. Hata hilo la "bila kompyuta" tulipunguzie chumvi. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja ya santuri ya Marekani, yenye sifa kubwa na bei kubwa zaidi, kwa miaka mingi ilikuwa ikipitisha muziki kwenye hatua ya kidijitali kabla ya kukata sahani. Waliopiga kelele ndio haohao waliokuwa wakiapa kwamba masikio yao hayadanganyiki.

Ninacholipia mimi ni kwamba kuna mtu aliitunza ile tepu zaidi ya miaka 60. Aliiweka mahali pakavu, akaandika juu ya boksi ni ya nini, na aliyekuja baada yake hakuitupa. Hizo glasi alizozisikia mama Neema, kwenye simu nilikuwa nazisikia kama mkwaruzo tu. Kwenye sahani, meza iko kushoto, mtu anacheka nyuma kidogo, na besi ya LaFaro ina mbao ndani yake. Mashabiki wa sauti safi wangependa zile kelele zifutwe. Wangekuwa na babu Mgogo wasingesema hivyo. Fundi wa ilimba, chombo cha Wagogo cha funguo za chuma zinazochezwa kwa vidole gumba, hubandika utando wa buibui juu ya tundu la chombo makusudi, ili kila ufunguo ukichezwa utoe na mvumo wa juu yake. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, mpiga ilimba, mtoto wa hapahapa Dodoma. Uondoe ule mvumo, umebakiza nini?

Kwetu neno "jazz" lilikuwa la mabango ya bendi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Magitaa na matarumbeta, piano hakuna. Bendi hizo zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye rili, yaani magurudumu ya tepu, na rili hizo leo ziko mikononi mwa TBC, shirika la utangazaji la taifa. Lakini tunachokisikia wengi mtandaoni ni nakala ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti, gita la besi limeyeyuka, mwimbaji kama yuko ndani ya pipa. Halafu vijana wanasema muziki wa zamani ulirekodiwa vibaya. Haukurekodiwa vibaya! Nakala ndizo mbaya.

Adui wa tepu ni joto na unyevu, na Dar ina vyote viwili bila kipimo. Serikali imehamia Dodoma, wizara zimehamia, hata sisi tuliofuata ofisi tumehamia tukanunua viwanja. Rili nazo zihamie. Hapa ukungu haukai. Sahani za baba zilizokuwa zimeanza kuota madoa Temeke zimetulia tangu tufike. Chumba kimoja kilichozibwa vumbi vizuri, mashine nzuri ya kuzungusha rili, na fundi mwenye subira. Nikiona gharama za semina zetu za siku mbili, siamini kwamba hili linatushinda.

Vumbi, kweli, ni kesi yake. Hewa ikiwa kavu hivi sahani inalivuta kama sumaku. Nafuta kwa brashi kabla ya kila upande, na bado sindano inatoka na kijiua cha pamba.

Siku hiyo ya kwanza tulikuwa katikati ya wimbo wa pili umeme ukakatika. Sahani ikapunguza mwendo, piano ikashuka sauti ikawa kama mzee anayesinzia, kimya. Nikamwambia mama Neema kwamba hata Village Vanguard ilikuwa hivyo: wimbo wa kwanza kabisa wa siku ile uliharibiwa na umeme kukatika, na kipande hicho kimo kwenye mkusanyiko kamili uliotolewa mwaka 2005. Akadhani namtania.

Umeme uliporudi saa mbili usiku, ni yeye aliyesema nirudie mwanzo. Akavuta kigoda karibu na spika ya kushoto. "Huyo anayecheka," akaniambia, "ni mwanamke. Na wenzake wamechoka naye."