Samadi na maranda kusafisha maji ya mgodi: tuskize kwanza

Watu wakiskia maji ya sumu ya mgodini yanaweza kusafishwa kwa samadi, maranda na bakteria jibu lao ni moja tu, uchafu utasafisha vipi uchafu? Nawaelewa, lakini naona njia hii inahukumiwa kabla haijaskizwa, na sisi wa Unguja na Pemba, ingawa hatuna mgodi wa dhahabu (machimbo yetu ni ya mchanga na mawe), ndo tungeielewa haraka kuliko mtu mwengine yeyote.

Mana kazi yenyewe inafanyika pwani kwetu siku zote. Kina mama wa Jambiani na Bwejuu wanafukia makumbi ufukweni, miezi inapita, wakija kuyafukua yanatoka meusi yananuka yai viza. Harufu ile ni ya bakteria wanaoishi pasipo hewa, wanakula kumbi linalooza na kwa kukosa oksijeni wanatumia salfeti (chumvi yenye salfa na oksijeni) iliyomo kwenye maji ya bahari, wanatoa salfaidi (salfa iliyonyang'anywa oksijeni, ndo inayonuka), na ule weusi mwingi ni chuma kilichoshikana na salfaidi hio. Sasa maji ya mgodi nayo yamejaa salfeti, kwa sababu mawe yenye chuma na salfa yakichimbwa yakapata hewa na mvua yanatoa asidi, na asidi inayeyusha zinki, shaba, risasi na kadimiamu. Yapitishe taratibu kwenye shimo lenye samadi, maranda na mawe ya chokaa, bakteria wa aina ileile watatoa salfaidi, madini yatashikana nayo yabaki humo shimoni na ukali wa asidi utapungua. Kule Budel, Uholanzi, kiwanda cha zinki kilianza kutumia bakteria hawa kusafisha maji yake ya chini ya ardhi mwaka 1992, japo wao waliwakuza kwenye matangi maalum.

Wanaopinga wanasema kumwaga chokaa peke yake, bila bakteria, kunatosha kuua asidi. Kweli, kumwaga chokaa ni haraka, na maji yakiwa mengi sana ndo njia ya kutegemea. Ila utaacha lini? Mgodi wa zamani wa Iron Mountain, California, wanasayansi walikadiria mawe yaliyobaki yanaweza kuendelea kutoa asidi kwa miaka 2,500 hadi 3,000. Hebu ifikirieni namba hio jamani. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107 na bado haujatimiza hata miaka elfu moja, na tangu ujengwe zimepita tawala ngapi hapa, Mreno kaja kaondoka, Sultani, Mwingereza, sasa nani atakaekuwepo kununua chokaa, kulipa umeme wa pampu na kuzoa tope lake kila mwaka kwa muda mara tatu ya huo? Kampuni inachimba miaka ishirini thelathini inafunga inaondoka, kijiji kinabaki na maji. Mimi hapo ndo sipati usingizi.

Lakini haki isemwe. Bakteria wanakwenda polepole, wanataka ardhi kubwa, chakula chao kinakwisha lazima kiongezwe, shimo linaziba, na gesi ile ya salfaidi inayonuka yai viza ikijaa mahali pasipo hewa inaua mtu. Kwenye mgodi wa Wheal Jane, Uingereza, baada ya maji kufumuka Januari 1992 yakaingia mtoni, walijaribu njia ya matete na mashimo ya bakteria, mwisho wakajenga mtambo wa chokaa uliofunguliwa 2000 kwa sababu maji yalikuwa mengi mno.

Na lipo moja ambalo sibishani nalo kabisa: zebaki. Wachimbaji wadogo huko bara wanaitumia kukamatia dhahabu, na baadhi ya bakteria hawahawa wanaigeuza kuwa aina inayoingia kwenye samaki na kudhuru zaidi. Kwenye madimbwi ya zebaki msiipeleke njia hii.

Pale panapofaa ni kwenye mgodi uliofungwa, maji yakitoka kidogokidogo na zebaki haimo. Hapo ningetaka mkataba wa kufunga mgodi uandike mapema nani atabadilisha samadi, kwa pesa zilizowekwa benki kampuni ikiwa bado inauza dhahabu.